Inveta ya haibridi na batri za nyumbani hapa Goma: tupeane uzoefu

Mama Sambaza, Himbi
Jambo wandugu. Watu wengi mtaani wananunua inveta ya haibridi, ile inayounganisha jua, batri na umeme wa mtaani, kwa kuangalia ukubwa wake, kW 3 au kW 5, halafu batri wanachukua ile inayotosha pesa iliyobaki. Nami nilifanya hivyo. Naomba kila aliyefunga kwake aseme alichokiona kwa macho yake, hasa kilichoharibika.

Mimi nina frigo mbili, moja ya nyumba na moja ya samaki na juisi za kuuza. Fundi alinifungia batri 4 za jeli (zile za risasi zenye asidi iliyogandishwa), kila moja volti 12, Ah (ampea-saa) 200. Ukizidisha, jumla ya umeme unaokaa ndani ni kWh 9.6, ila jeli haitaki kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo za kutumia zilikuwa kama 4.8. Hilo alinieleza. Hakunieleza habari ya kujaa. Jeli inajaa polepole, saa 8 mpaka 10, na kwetu umeme ulikuwa unakuja usiku wa manane na kuondoka kabla ya alfajiri. Mchana paneli zangu chache zinalisha frigo, hazibakizi kitu. Batri zikawa zinalala na njaa kila siku, na jeli isiyojaa inakufa kutoka ndani. Mwaka wa pili, saa 2 usiku frigo zimezima tayari. Nilimwaga samaki wa kuuza, nikalia.

Sasa nina lithiamu moja, zile zinazoandikwa LiFePO4, volti 51.2, Ah 100, yaani kWh 5.12. Inakubali utumie asilimia 80 au 90 ya umeme wake, kwa hiyo peke yake karibu inafikia kazi ya zile 4. Umeme ukikaa kwa muda wa saa 2 tu, inakuwa imeshiba. Kwa mji wa delestaji (umeme wa kukatwa kwa zamu), muulize muuzaji kwanza: inajaa kwa saa ngapi?

Papa wa Ndosho
Pole sana Mama. Mimi nilikwamia kwenye paneli. Nilinunua inveta ya kW 5 na paneli 2 za wati 550, nikisema nyingine nitaongeza polepole. Jua kali, inveta inaonyesha sifuri. Karibu mwezi mzima nilibishana na aliyeniuzia kwamba ni mbovu. Kumbe upande wake wa jua unaamka kuanzia volti 120, na paneli zangu 2 zikiunganishwa kwa kufuatana, moja nyuma ya nyingine, zinatoa kama 83 tu. Nilipofikisha 4 iliamka siku ileile. Jihadharini pia na kikomo cha juu: yangu ni volti 500, ukipita unaiunguza. Hizo namba ziko kwenye kibandiko cha ubavuni, someni kabla ya kulipa.

Fundi wa Majengo
Wateja hawaniulizi kabisa juu ya waya wa ardhini, na hapa kwetu ndiyo kazi ngumu. Chini ni lava. Nilipiga nondo ya shaba ya mita 1.5 kwa mteja mmoja, ikagoma kabla ya nusu mita. Tulihamia nyuma ya choo penye udongo, tukachimba shimo, tukajaza makala (makaa), chumvi na udongo mweusi, na kila kiangazi anamwagia maji. Radi za hapa mnazijua. Bila ardhi nzuri, kile kifaa cha kuzuia radi ni pambo la ukutani.

Na paneli msizilaze kabisa. Tuko karibu na ikweta, jua linapita utosini, lakini digrii 10 au 15 zinasaidia mvua kusafisha majivu ya Nyiragongo.

Dada wa Kadutu, Bukavu
Mimi inveta yangu inakataa umeme wa mtandao, ule wa nguzo za mtaani, jioni. Taa za jirani zinawaka, hafifu lakini zinawaka, na kwangu inakula batri. Ni mbovu?

Fundi wa Majengo
Hapana dada. Jioni kila mtu anawasha resho (jiko la umeme), volti zinashuka. Inveta nyingi zikiwekwa kwenye UPS, mpangilio mkali wa kulinda vifaa, zinakataa chini ya 170. Ukiweka APL, mpangilio wa vifaa vya kawaida, zinakubali mpaka 90.

Mama Sambaza, Himbi
Dada, subiri kidogo. Umeme wa mtandao ukipita kwenye inveta, unafika kwenye frigo ulivyo. Ikiwa ni volti 130, mota ya frigo inahangaika na inaweza kuungua. Mimi nimeibakiza kwenye UPS, na kwa zamu ya kutumia umeme nimeweka SBU: jua kwanza, kisha batri, mtandao mwisho. Afadhali batri ipungue kuliko frigo kufa.

Papa wa Ndosho
Aksanti Mama. Nataka kuongeza batri ya pili mwakani. Nichukue yoyote?

Mama Sambaza, Himbi
Chukua ya kampuni ileile na aina ileile, zisikilizane na inveta kwa waya wa mawasiliano. Dada yangu alipoongeza ya pili kwake, fundi alijaza kila moja peke yake mpaka mwisho, ndipo akaziunganisha. Ukiunganisha iliyojaa na yenye njaa, moja inamimina kwa nyingine kwa nguvu, na zinajizima.