Jua linawaka, shule imefungwa! Hivi huku nani anaamua haya mambo?

MamaZuu

Wadau habari zenu. Mie niko Minnesota, Marekani, hii winta yangu ya pili, naomba mnieleweshe maana naona hawa watu wananichezea akili. Wiki iliyopita theluji imeshuka usiku kucha, natoka kazini asubuhi gari langu limekuwa kama kichuguu, nikajua leo wanangu nitawakuta nyumbani, wapi! Shule ikafunguliwa kama kawaida, basi likachelewa dakika kumi tu likaja. Sasa leo. Jua hilo, anga bluu utadhani uko Pangani mwezi wa saba, hakuna hata punje inayoanguka, saa kumi na moja na nusu alfajiri simu inaita niko kazini nikadhani kuna msiba nyumbani, kumbe ni roboti la shule, leo shule zote zimefungwa.

Mie nafanya usiku, naangalia wazee, naingia saa tano natoka saa moja asubuhi na baba yao anatoka mie nikiingia. Usingizi wangu ni ule muda watoto wako shule basi. Leo nimelala vipande vipande kama mgonjwa, mara mama njaa, mara mama kaka kanisukuma. Na kinachoniudhi zaidi, mwenzangu kazini watoto wake wako wilaya ya pili hapo ukivuka barabara tu, wao wameambiwa waende wamechelewa masaa mawili. Anga si ni lile lile jamani? Kuna mtu anarusha shilingi au?

Dereva_Njano

Dadangu pole sana. Mimi naendesha basi la shule huku huku Minnesota, huu mwaka wa sita, wacha nikueleze vile inaenda.

Kwanza sahau theluji. Theluji haitishi mtu huku. Magari ya kukwangua na ya kumwaga chumvi yanatoka saa nane usiku, ikifika saa kumi na mbili zile barabara kubwa lami inaonekana, tunaenda polepole tunafika. Wanafunga kwa theluji kama inaanguka kwa kasi ile saa ya basi ama upepo unairudisha barabarani kila ikikwanguliwa. Kitu kinafunga shule ni ile jua yako dada. Januari ukiona anga safi hivyo ujue usiku hakukuwa na mawingu ya kushikilia joto, ardhi imepoa yote, asubuhi ndio baridi imeiva. Ongeza upepo. Hesabu ya idara ya hali ya hewa iko hivi, ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri (Selsiasi, mimi hiyo Farenhaiti yao ilinishinda) na upepo wa kilomita 24 kwa saa, mwili unaisikia kama 28 chini ya sifuri, na ngozi iliyo wazi inaganda kwa nusu saa. Hiyo ndio siku ya kawaida, shule iko na watoto wanaenda. Ikishuka zaidi ya hapo nusu saa inakuwa dakika kumi, inakuwa tano. Sasa mtoto wa darasa la pili amesimama steji akingojea basi na basi langu limekataa kuwaka, huyo mtoto atangoja dakika ngapi?

Na yanakataa. Dizeli kwa baridi inaganda kama samli, ile nta ndani yake inaziba filta. Tunaichanganya na dizeli nyepesi, injini tunazilaza zimechomekwa kwa stima usiku mzima, bado asubuhi unapata moja limekufa. Breki zetu ni za hewa, kukiwa na maji kidogo kwa zile paipu yanageuka barafu. Hata chumvi ya barabara baridi ikizidi haiyeyushi kitu.

Kuhusu nani anaamua, ni superintendenti, yule mkuu wa shule zote za wilaya yenu. Usimfananishe na DC wa kwenu, huyu hana polisi, ako na simu tu. Anaamka saa tisa saa kumi alfajiri, msimamizi wa mabasi tayari ako barabarani anajaribu milima na zile kona, wanapigiana na watu wa barabara, na wakuu wa wilaya jirani, wengi wanaingia kwa simu moja na mtaalamu wa hali ya hewa. Kufika saa kumi na moja lazima aseme kitu juu sisi madereva tunaenda yadi saa hiyo, na watu wa jikoni pia. Na ujue basi moja linafanya raundi mbili tatu, wale wakubwa kwanza, halafu nageuza nachukua wadogo. Nikichelewa kwa ile ya kwanza wadogo ndio wanalipa wakiwa nje.

Mwenzako kucheleweshwa masaa mawili maana yake mkuu wao ameona kukipambazuka kutakuwa afadhali kidogo na mabasi yatapata muda wa kuwaka. Wako hakuona hivyo. Labda nyinyi mko na njia ndefu za mashambani, labda mabasi yenu yanalala nje, labda watoto wengi kwenu wanatembea. Minnesota pekee iko na wilaya za shule zaidi ya mia tatu, kila moja na mwenyewe.

Mzee_wa_Kaskazini

Dereva umeeleza vizuri ila mimi niseme ukweli, siku hizi wamelegea. Nimefika hapa 1999. Watoto wangu wamesoma yote hapa, na kuanzia nifike mpaka Januari 2014 hakuna gavana aliyefunga shule kwa baridi. Ilikuwa Mark Dayton, alitangaza Ijumaa tarehe 3 kwamba Jumatatu tarehe 6 shule zote za serikali jimbo zima zifungwe, na watu walishangaa kwa sababu mara ya mwisho ilikuwa 1997, miaka 17. Siku hizi upepo ukipuliza kidogo roboti linapiga simu. Kule Fairbanks Alaska watoto wanatolewa nje kucheza mapumziko mpaka baridi ifike 29 chini ya sifuri. Kucheza! Hapa wanaogopa wanasheria tu.

Dereva_Njano

Mzee shikamoo, lakini Fairbanks mtoto amezaliwa na suti ya theluji. Mimi kwa basi langu nina watoto walikuja mwezi wa kumi na moja kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Kuna mmoja mwaka juzi nilimkuta steji mikono ameivalisha soksi, hana glavu, mamake hakujua kuna glavu za theluji na glavu za urembo. Alikuwa amesimama tu anacheka. Nilimkalisha karibu na hita na mimi ndio nilikuwa natetemeka. Na mkuu anajua hao wako. Na anajua pia wengine chakula cha uhakika ni kile cha shule, akifunga hawali vizuri siku hiyo. Ndio maana unaona anasitasita hadi saa kumi na moja.

Na 2019 tulikuwa wote hapa ama? Tarehe 30 Januari Minneapolis ilifika 33 chini ya sifuri bila kuhesabu upepo. Posta yenyewe ilisimamisha kupeleka barua siku hiyo, Chicago nao wakafunga shule siku mbili. Hao wote walilegea?

Mzee_wa_Kaskazini

Marahaba. Hiyo ya 2019 nakupa.

Kaka_Marietta

Nyie wa kaskazini mnabishana kwa raha zenu, njooni Georgia. Tarehe 28 Januari 2014, wiki tatu tu baada ya hiyo ya gavana wenu, theluji ya inchi mbili na nusu hivi. Mbili na nusu! Asubuhi shule zilifunguliwa, mchana ikaanza kudondoka, shule zikasema tunatoa watoto sasa hivi, maofisi yakasema nendeni nyumbani sasa hivi, serikali hivyo hivyo, yaani Atlanta nzima ikaingia barabarani kwa wakati mmoja na chumvi hakuna, theluji ikakanyagwa ikageuka barafu, malori yakalala upande. Mimi kutoka kazini mpaka kwangu ni dakika 35, nilitumia masaa 14, nilikojoa kwenye chupa mbele ya watu na hakuna aliyejali. Maelfu ya watoto Georgia na Alabama walilala shule usiku ule, kwenye mikeka ya jimu, na wengine walikwama ndani ya mabasi. Mwanangu alilala laibrari, walimu walibaki nao, mpaka leo anasema ulikuwa usiku mzuri kuliko yote, mimi na mama yake tulizeeka.

Tangu siku hiyo huku wakisikia tu utabiri wanafunga jana yake jioni. Na mara nyingi haidondoki kitu, watu wanawatukana mitandaoni. Mimi simtukani mtu. Bora anifungie bure mara kumi.

Binti_Columbus

Kwetu Ohio kuna kitu kinasaidia kidogo, sherifu wa kaunti anatangaza levo 1, 2 au 3 za hatari ya barabara. Levo 3 barabara zimefungwa kwa kila mtu asiye wa dharura, ukikutwa unaendesha unaweza kukamatwa. Ikifika hapo superintendenti hana cha kuwaza, shida ni levo 1 na 2, hapo ndio roho juu.

Otis_wa_Kisumu

Mimi nacheka tu. Nyumbani Kenya 2024 mafuriko yalivyoharibu mambo, shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili, tangazo moja kutoka juu ikasongeshwa tarehe 6 Mei, watoto washafunga masanduku, tangazo lingine, mwishowe zikafunguliwa tarehe 13. Nchi nzima pamoja, hata wale kwao hakukunyesha. Huku kila kijiji na wake. Sijui gani ni afadhali, ile ya kwetu angalau majirani hawaoneani wivu.

MamaZuu

Nimesoma zote, asanteni sana na Dereva Mungu akulinde huko barabarani, hiyo ya soksi imenitoa machozi, mwaka jana na mie nilimpeleka wa kwangu na glavu za kufuma tu. Basi nimewasamehe nusu. Nusu nyingine bado, kwa nini wasiseme jana jioni kama huko kwa kaka wa Georgia ili mie nipange shifti yangu?

Dereva_Njano

Wakati mwingine wanasema jioni, baridi inatabirika kuliko theluji. Saa zingine upepo unabadilika usiku na mkuu anaogopa kufunga bure. Lakini dada nikuulize, hiyo simu ilisema imefungwa kabisa ama ni siku ya onlaini? Sheria ya Minnesota inawakubalia mpaka siku 5 kwa mwaka za kusomea nyumbani na zinahesabika kama shule. Wengi siku hizi wanatumia hizo. Angalia meseji vizuri.

MamaZuu

Ngoja.

Ya Rabbi. Kuna meseji ya pili chini yake, ndefu, sikuifungua. Inasema watoto waingie kwenye laptopu saa tatu asubuhi, mwalimu ataita majina. Sasa hivi saa nane mchana na huyu mdogo hiyo laptopu anaangalia katuni toka nilipolala.