Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia: seti ya deraya "ya anayeanza" isiyo na hata karatasi moja ya maelekezo

Ndugu wanajamvi, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitajifanya sina. Nilisubiri wiki tatu ili hasira ipungue niweze kuandika kwa utaratibu, lakini kilichopungua katika muda huo ni matumaini ya kurudishiwa fedha zangu, basi naandika hivyo hivyo.

Mwezi wa tano nilimlipa shilingi 860,000 muuzaji mmoja wa Dar es Salaam, ambaye simtaji hapa kwa kuwa bado nampa nafasi ya kujirekebisha, ili aniletee seti ya kujiundia deraya nyeupe, yaani vazi gumu la vita, ya askari wa filamu za anga za Star Wars, ile yenye helmeti ya macho meusi ambayo hata asiyeangalia filamu hizo anaitambua. Tangazo lake lilikuwa na maneno matatu ambayo ndiyo kiini cha uzi huu: "inamfaa hata anayeanza". Mimi ndiye huyo anayeanza. Ni mwalimu wa fizikia hapa Dodoma, sijawahi kuunda vazi la aina yoyote, na kazi ya mikono niliyokuwa najivunia kabla ya hapo ni kubadilisha kitasa cha mlango. Hayo yote nilimweleza kwa maandishi kabla ya kulipa, nikamwambia pia kwamba nalitaka vazi kwa ajili ya siku ya sayansi shuleni kwetu, naye akanijibu: "Ondoa wasiwasi kaka, ni kuunganisha tu, siku mbili umemaliza." Ujumbe huo ninao hadi leo.

Boksi nililipokea stendi kuu ya mabasi, Nzuguni, nikalipakia kwenye bajaji hadi nyumbani Nkuhungu nikiwa na furaha ya mtoto wa siku ya Idi. Ndani hamkuwa na vipande vya kuunganisha. Mlikuwa na mabamba ya plastiki yenye maumbo yaliyotuna katikati, kila umbo likiwa limezungukwa na uwanda mpana wa plastiki bapa, kama chapati iliyokandamiziwa bakuli. Hapakuwa na mstari wa penseli unaoonesha pa kukata, namba ya kutofautisha paja la kulia na la kushoto, wala karatasi ya maelekezo. Nililigeuza boksi juu chini nikalipiga makofi, na kilichodondoka ni chupa tatu ndogo za supaglu.

Kwa wasiofahamu, na mimi nilikuwa mmoja wenu, vipande hivi hutengenezwa kwa kupasha bamba la plastiki moto mpaka lilegee, kulilaza juu ya kalibu (umbo gumu la kufinyangia), kisha kunyonya hewa iliyo chini yake, ndipo kanieneo ya hewa ya nje inapoligandamiza bamba lile likashika umbo la kalibu. Plastiki inayobaki pembeni huondolewa, lakini haiondolewi yote. Pale ambapo kipande kinaishia, sehemu ya plastiki inayokunja kona kurudi ndani huachwa milimita kadhaa, na hilo ndilo pindo. Pindo ndilo linalomfanya mtazamaji aamini kwamba deraya ni nene na nzito, na ndilo linalokipa kipande ugumu kisitepwetepwe. Fundi cherehani yeyote angenielewa hapa: nguo isiyo na pindo ni kitambaa.

Mimi sikulijua hilo. Nilichukua dirii, yaani kipande cha kifua (natumia neno hilo kwa kuwa wengi wetu tumelikuta katika Biblia na linafaa kuliko "plastiki ya kifua"), nikachukua kisu cha kukatia karatasi, na nikakata kwa uangalifu mkubwa, nikipitisha ncha mara tatu nne kwenye mstari uleule, hadi nikaondoa kila kitu kilichopita kwenye kona. Nilitumia jioni nzima. Nilipomaliza niliinua dirii kwenye mwanga wa dirisha, na nikaona ukingo wote wa shingo na kwapa umekuwa mwembamba kama kifuniko cha ndoo ya rangi, na nilipoibonyeza kwa kidole ikaingia ndani na kurudi kwa mlio wa "pwak". Nilidhani nimeuziwa plastiki mbovu. Siku mbili baadaye, nikisoma maelezo ya watu wa 501st Legion, lile kundi la wapenzi wa mavazi haya lililoanzishwa Marekani mwaka 1997, ndipo nikafahamu kwamba nilikuwa nimelikata pindo lote, na pindo likishakatwa halirudi.

Najua watakuja watakaosema, "Mwalimu, nawe ulikimbilia nini kukata kabla ya kusoma?" Lawama hiyo naipokea, ila naipokea nusu. Ukimuuzia mtu dawa ukamwambia ni ya kunywa tu, usimcheke kesho yake kwamba hakujua vijiko vingapi. Picha moja yenye mstari mwekundu ingeniokoa, na muuzaji ambaye kwa maneno yake mwenyewe ameuza seti hizi "nyingi tu" hawezi kusema hajui ni wapi mtu anayeanza hukosea kwanza.

Baada ya hapo nilianza kukagua kila kitu kwa macho ya mkaguzi. Tangazo lilisema plastiki yote ni ABS, aina ya plastiki ngumu, ya unene wa milimita 2. Nilichukua kalipa ya vernia ya maabara, na kwenye uwanda wa pembeni nikapata milimita 2 kweli, lakini kwenye kona ya kina ya kifuniko cha goti nikapata milimita 0.8. Hapa sitamwonea, kwa sababu bamba likivutwa kwenda kwenye kina ni lazima linyooke na kupungua unene, hiyo ni tabia ya njia yenyewe. Kosa lake ni kuutangaza unene wa bamba kabla halijavutwa kana kwamba ndio unene wa vazi, na kutosema kwamba kona hizo zinahitaji kuimarishwa kwa ndani. Goti la kushoto lilipasuka nilipochuchumaa mara ya kwanza.

Vipande vidogo ndivyo vilivyonionesha kwamba tangazo lilikuwa na uongo wa wazi. Masikio ya helmeti na visanduku vya mkanda vilikuwa na mistari myembamba iliyopangana kama matuta ya shamba, dalili ya kitu kilichotoka kwenye printa ya pande tatu. Siku moja niliviacha mbele ya usukani wa gari la rafiki yangu, vioo vimefungwa, tukaegesha karibu na Nyerere Square kwa saa kama mbili mchana, na wenyeji wa hapa mnalijua jua letu. Tuliporudi visanduku vilikuwa vimejikunja kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa bila kuwambwa. ABS haifanyi hivyo kirahisi, kwa kuwa huanza kulegea karibu na nyuzi joto 100. Inayolegea kwenye nyuzi 60 hivi ni PLA, plastiki ya kawaida ya printa hizo. Nilipombana muuzaji alikiri: "Hizo ndogo tunaprinti wenyewe hapa, kaka, kwa PLA, ila ukipaka rangi huwezi kujua." Kwamba sitajua ndiyo utetezi wake!

Sasa supaglu. Alinitumia chupa tatu, nami nikaitumia kwa sababu ndiyo iliyokuwemo kwenye boksi, na ninaamini mtu yeyote angefanya hivyo. Vipande vya miguu huja nusu mbili, mbele na nyuma, ambazo huunganishwa kwa kuzikutanisha kingo na kubandika utepe wa plastiki juu ya maungio. Nilibandika, nikabana kwa vibanio vya nguo ishirini nilivyoazima kwa jirani, na asubuhi kila kitu kilikuwa kigumu kama jiwe. Nilipouvaa mguu na kupiga hatua ya tatu, utepe wote uliachia kuanzia juu hadi chini kwa mara moja.

Niliuchukua mguu huo hadi kwa fundi viatu mmoja mzee pale soko la Majengo, kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumuuliza. Nilimwamkia, nikamweleza, akaupindapinda ule utepe mikononi mwake bila haraka, akasema, "Mwalimu, hiki unachobandika kinapinda, na gundi yako haipindi. Sasa ulitaka nini kiachie, kama si gundi?" Sentensi hizo mbili ndizo maelekezo pekee niliyowahi kupewa kuhusu seti hii ya shilingi 860,000, na sikuzilipia hata senti. Wanaojua kazi hii hutumia gundi inayobaki kama mpira baada ya kukauka, ambayo hutaka saa 24 hadi 72 ishike sawasawa, na ambayo inaweza kubanduliwa ukikosea. Kwa anayeanza hiyo ndiyo gundi, si ile inayoshika kwa sekunde kumi na haisamehi.

Kuna balaa lingine la supaglu ambalo bado linaniuma. Nilibandika kioo cheusi cha macho ndani ya helmeti, na kwa kuwa huu ni msimu wa upepo na vumbi letu halina adabu, niliifunga helmeti kwenye mfuko wa nailoni ikauke salama. Asubuhi kioo kilikuwa kimefunikwa na ukungu mweupe. Nilidhani ni vumbi, nikafuta kwa kitambaa, kisha kwa maji, kisha kwa sabuni, hauondoki. Mvuke wa gundi hiyo ukikosa pa kutokea hutua kwenye plastiki ya karibu na kuganda hapo, nami nilikuwa nimeufungia kwa mikono yangu. Ukiitazama helmeti yangu leo unamwona askari mwenye mtoto wa jicho.

Kuhusu kipimo nitasema kwa ufupi tu kwamba "inamtosha mtu yeyote" pia si kweli. Mimi nina sentimita 163, na vipande vya mapaja vinanigonga mahali ambapo mwanaume hapendi kugongwa.

Nilipomwandikia muuzaji haya yote kwa mpangilio, na picha, alinipa jibu ambalo ndilo lililonifanya nije hapa. Alisema hii ni kazi ya sanaa, haina dhamana kama jiko au pasi, na kwamba mimi "sina mkono wa kazi". Kuhusu mkono wangu sibishani. Lakini kuhusu sanaa, nimkumbushe kwamba mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi kati ya kampuni ya Lucasfilm na Andrew Ainsworth, mtu aliyezitengeneza helmeti zenyewe zilizotumika katika filamu ya kwanza ya Star Wars, ilikataa kuihesabu helmeti hiyo kuwa sanamu, ikaiona kuwa ni kifaa chenye matumizi katika kutengeneza filamu. Kama yule aliyetengeneza za awali hakuonekana mchonga sanamu, huyu aliyenakili nakala atakuwaje msanii asiyeulizwa?

Na hata ingekuwa sanaa, alichouza alikieleza kwa maneno, nami nikalipa kwa kuyaamini maneno hayo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo yake, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. ABS haikuwa ABS yote, unene haukuwa ule, kipimo hakikuwa kile, na "anayeanza" hakufikiriwa hata dakika moja.

Siku ya sayansi ilifika, na vazi halikuwepo. Wanafunzi wa kidato cha pili, ambao kwa ujinga wangu nilikuwa nimeshawaahidi, waliniuliza askari yuko wapi. Nilichofanya ni kuingia darasani na dirii iliyoharibika pamoja na bamba moja ambalo sikuwa nimelikata, nikawafundishia kanieneo ya hewa, nikawaonesha jinsi hewa inavyosukuma kila sentimita ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo moja, na ndiyo iliyolibonyeza bamba lile mpaka likawa kifua cha mtu. Kipindi kilikuwa kizuri. Muuzaji asidhani ni kwa hisani yake.

Ninachodai si kikubwa. Anitumie dirii mpya ambayo haijakatwa, kioo kipya cha macho, masikio na visanduku vya ABS kama alivyotangaza, na maelekezo yaliyoandikwa, hata kwa mkono. Au anirudishie shilingi 400,000 nami nibaki na mabamba yaliyosalia. Nimempa siku 14 kuanzia jana. Zikipita nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na ujumbe wake wote, na jina lake nitaliandika huko, mahali panapostahili.

Kwa wanajamvi wenye uzoefu nina ombi moja. Miguu nimeibandua yote, nimepiga msasa mabaki ya gundi, na nataka kuanza upya. Kuna anayefahamu jinsi ya kurudisha pindo kwenye dirii iliyokwisha kukatwa? Nimesoma kwamba mabaki ya ABS yakilowekwa kwenye asetoni, kimiminika kinachoyeyusha plastiki hiyo, huwa uji unaoweza kuziba nyufa, na goti nimeanza kuliziba hivyo, ila sijui kama uji huo unaweza kubeba ukingo mzima wa shingo wenye urefu wa sentimita 40, au nibandike utepe wa plastiki kwa ndani kwanza. Picha za dirii, goti na kioo nitaziweka hapo chini jioni nikirudi kazini. Wa kuniambia ninunue seti nyingine naomba apite kimya.