Mmisionari abaki au avuke? Swali kutoka Goma

Mwana Goma
Wapendwa, nina neno limenikaa kooni tangu Januari 2025. Jumamosi tarehe 25, siku mbili kabla waasi wa M23 hawajauchukua mji, daktari mmisionari wa kituo cha afya ninakotibiwa (sikitaji) alipakia mke na watoto garini wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Ubalozi wao ulikuwa umewaagiza watoke. Ufunguo wa stoo ya dawa akamwachia zamu, yaani mlinzi, mzee wa miaka sitini na kitu asiyejua kusoma. Jumatatu nilimkuta amekaa chini nyuma ya mlango wa stoo, risasi zinalia, ufunguo ameufunga shingoni kwa kamba ya kiatu. Kulikuwa na mama uani ametoka kujifungua, anavuja damu. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, dawa ya damu ni ipi?"

Sasa mlinganisheni na Dk. Paul Carlson, Mmarekani wa hospitali ya Wasolo kule Ubangi. Septemba 1964 alivusha mke na watoto mto Ubangi mpaka Jamhuri ya Afrika ya Kati, halafu yeye akarudi kwa wagonjwa wake. Waasi wa wakati ule, waliojiita Simba, wakamkamata, akauawa Stanleyville, yaani Kisangani ya leo. Nauliza: mtu aliyeitwa na Mungu, vita vikija, abaki au avuke?

Mwalimu wa Mbozi
Pole sana ndugu. Ila Maandiko yako wazi, Mathayo 10:23, wakiwafukuza mji mmoja kimbilieni mwingine. Paulo mwenyewe alishushwa ukutani ndani ya kapu kule Dameski. Kukimbia si dhambi. Huyo Carlson, Mmethodisti kama sikosei, aliyekufa 1965, kifo chake kilimponya mgonjwa gani? Na alibaki kwa ajili ya nani? Wale Simba walikuwa wavuta bangi waliopakwa dawa wakaamini risasi zitageuka maji.

Bunia Moja
Mwalimu, ni 1964, tarehe 24 Novemba. Na hakuwa Mmethodisti, alikuwa wa kanisa la Evangelical Covenant. Kaburi lake liko Karawa. Ukinisomea Mathayo 10 nami nitakusomea Yohana 10, mtu wa mshahara akimwona mbwamwitu anakuja huwaacha kondoo akakimbia.

Mjukuu wa Tshopo
Mwalimu, turudi kwenye sentensi yako ya bangi. Babu yangu alikuwa Simba.

Alisoma kwa mapadri, akajua kuandika, akajua hesabu. Uhuru ulipokuja 1960 aliambiwa nchi ni yake. Miezi michache tu, Lumumba akauawa Katanga, 17 Januari 1961, maofisa wa Kibelgiji wakiwa wamesimama pale. Kijana wa namna hiyo akichukua mkuki, wewe wa Mbozi unamwona mvuta bangi? Dawa alichanjwa, ndiyo. Chale nimeziona kifuani mwake nilipokuwa namwogesha uzeeni, zimeinuka kama mbegu chini ya ngozi. Usimseme mzee wangu kwa neno moja la kijiweni.

Mwalimu wa Mbozi
Kwa neno bangi naomba radhi. Kwa mengine siombi. Hao wenzake babu yako walimpiga risasi daktari asiye na silaha akiwa anapanda ukuta ajiokoe.

Mjukuu wa Tshopo
Sitetei hilo hata kidogo. Walimsingizia kuwa ni meja wa jeshi la Marekani, na ulikuwa uongo. Wakongo wenzao pia waliwaua, makarani na walimu, mbele ya sanamu ya Lumumba, na babu aliyasema haya kwa mdomo wake. Lakini asubuhi hiyo ya Novemba makomando wa Kibelgiji waliruka Stanleyville kutoka ndege za Marekani kuwaokoa mateka wazungu, na siku hiyohiyo mamluki wa Mike Hoare wakaingia na jeshi la serikali. Waliouawa mitaani baada ya wazungu kupandishwa ndege, nitajieni jina la mmoja tu. Carlson mnalijua hadi kaburi.

Mlima Kenya
Hapo ndipo na mimi naumia. Mzee Kenyatta ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kuhusu Kongo. Alikuwa anaketi Nairobi na balozi Attwood wa Marekani na Thomas Kanza wa upande wa waasi wa Stanleyville, wanatafuta njia mateka waachiliwe. Kumbe ndege zilishatoka kisiwa cha Ascension, ziko Kamina, humohumo Kongo, zinangoja amri. Walimfanya mzee wetu pazia! Angepewa wiki mbili nyingine, huyo daktari angerudi kwao mzima.

Bunia Moja
Wiki mbili? Stanleyville iliangukia mikononi mwa Simba mwanzoni mwa Agosti. Watu walikaa mateka miezi, wewe unaomba wiki mbili kwa ajili ya heshima ya Kenyatta?

Mlima Kenya
Kwa ajili ya heshima ya Afrika, kaka. Usinichokoze.

Dada Uele
Samahani wakaka zangu, nimesoma kuanzia juu na mikono inatetemeka. Mimi ni wa Isiro, enzi hizo Paulis. Ndege zilikuja kwetu pia, 26 Novemba, zikachukua wazungu zikaenda. Waliobaki ardhini ni sisi, na Simba bado wana hasira. Tarehe 29 wakafika Bafwabaka, wakawapakia masista wetu wa Jamaa Takatifu kwenye lori. Usiku wa kuamkia 1 Desemba wakamuua mmoja wao, Anuarite Nengapeta, aliyezaliwa 1939 kule Wamba, kwa sababu alikataa kufanywa mke wa kanali. Akamwambia muuaji wake kwamba anamsamehe.

Mwana Goma, umeandika "aliyeitwa na Mungu", kisha ukamtaja daktari mwenye ubalozi. Anuarite hakuitwa? Carlson alitokea kwenye jalada la gazeti la Time Desemba hiyohiyo, na sisemi hakustahili. Anuarite alisubiri mpaka 15 Agosti 1985, Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza mwenyeheri pale Kinshasa. Mama yangu ana kitenge chenye sura yake. Hukivaa kila 1 Desemba tu, hukifua kwa mkono na kukianika kivulini ili uso usipauke. Hilo swali la abaki au avuke, mama hajawahi kuulizwa na mtu yeyote.

Mwalimu wa Mbozi
Dada, hili silipingi. Ila tusiwaweke wote kapu moja, wako wageni waliobaki na waliorudi.

Bunia Moja
Kweli wako. Dk. Helen Roseveare, Mwingereza wa Nebobongo, alishikwa na Simba miezi kama mitano, akapigwa, akanajisiwa. Akarudi Kongo 1966, akafundisha wauguzi Nyankunde. Mama yangu mdogo alisomea hapohapo, miaka mingi baadaye, na aliyemfundisha kushona kidonda alikuwa mwanafunzi wa yule mama. Septemba 2002 wanamgambo waliingia Nyankunde, wakaua watu zaidi ya 1,000, wagonjwa wakiwa vitandani. Mama mdogo alitembea msituni na wenzake mpaka Oicha, amembeba mgongoni mtoto asiye wake. Dada Uele amesema kweli. Huyo hakuna anayemwita mmisionari.

Mjukuu wa Tshopo
Dada Uele, kwa Anuarite sina la kujibu. Nilimuuliza babu habari zake mara moja tu. Aliomba maji, akanywa kikombe chote, akalala bila kunijibu. Nilichosema juu kuhusu Lumumba nakisimamia. Hili siwezi.

Dada Uele
Asante kwa kusema, ndugu yangu. Sikuja kumhukumu mzee wako.

Mlima Kenya
Mwana Goma umepotea. Yule mama wa uani alipona?

Mwana Goma
Nipo, nawasoma. Hakupona. Jirani aliyesomea uuguzi alifika saa kumi jioni, mzee akamfungulia stoo, lakini mama alikuwa amekata roho. Mtoto mzima, yuko kwa bibi yake Ndosho.

Daktari alipiga simu wiki iliyofuata, akauliza kwanza kama jenereta ipo. Mzee akamwambia ipo. Ya yule mama hakuyasema. Ufunguo bado anao, na kamba ni ileile.