Mfereji unasafishwa kila mwaka na bado unafurika: tuchimbe hadi kina gani?

mkondo_mdogo:
Wakuu, naomba ushauri wa kitaalamu. Tuna mfereji wa maji ya mvua unaoishia baharini: urefu kilomita 1.2, upana mita 6, kuta za mawe zilizosimama wima, makalvati matatu njiani (vipitishio vya maji chini ya barabara). Unahudumia takriban hekta 40, karibu zote zimejengwa. Tope ni wastani wa sentimita 80, na juu yake magugu maji na chupa. Kila kabla ya mvua ekskaveta inachota, kisha mvua kubwa ya kwanza inarudisha maji mitaani. Sasa kuna pendekezo la kuchimba mita moja na nusu kutoka juu ya tope, ili kazi idumu. Ni sahihi? Tuanzie upande gani? Na tope liende wapi?

PimaLeveli:
Mita moja na nusu imetoka wapi? Kina cha mfereji hakikisiwi, kinaamuliwa na sakafu za makalvati na kimo cha mdomo wa baharini. Ukichimba chini ya sakafu ya kalvati unatengeneza dimbwi, na dimbwi halipitishi maji, linakamata mchanga tu. Ndani ya msimu limejaa tena.

Pima kwanza. Kila mita 20 chukua vimo vitatu, katikati na kandokando ya kuta zote mbili, na uchomeke fimbo ya chuma mpaka igote sakafu ngumu ya zamani. Pima pia sakafu ya kila kalvati, kuingia na kutoka. Vimo vyote virejee alama moja.

Kuondoa tope kuna faida kubwa, nisieleweke vibaya. Katika mfereji mpana, kina cha maji kikipungua nusu, kwa fomula ya Manning (ya kukadiria maji yanayopita mferejini) maji yanayopita yanabaki karibu 31% tu. Magugu nayo yanaweza kupandisha namba ya ukwaru katika fomula hiyo kutoka 0.03 hadi 0.08, na hapo unapoteza zaidi ya nusu ya kilichobaki.

Anzia baharini kwenda juu, ili maji yawe na pa kutokea. Na jihadhari na hizo kuta: mara nyingi tope ndilo linaloegemeza mguu wa ukuta. Chimba vipande vya mita 10 hadi 15, usifike chini ya msingi, na usishushe maji ghafla. Udongo wa nyuma ukiwa bado umelowa, ukuta unasukumwa ndani.

tope_na_tipa:
Hesabu ya tope: 1,200 × 6 × 0.8 = mita za ujazo 5,760 likiwa bado mferejini. Likichotwa linaongezeka ujazo, weka 20%, yaani karibu 6,900. Tipa la mita 10 usilijaze tope bichi zaidi ya 7, litamwagika barabarani. Hizo ni safari kama 990. Bajeti nyingi zinafia hapa, siyo kwenye ekskaveta.

Kosa linalorudiwa kila mahali ni kulirundika ukingoni "likauke kwanza". Mvua moja tu, limerudi. Tafuta uwanja wenye tuta pembeni, litandaze tabaka la sentimita 30 hadi 50, ligeuzwe, maji yake yapite kwenye shimo la kutulizia kabla ya kutoka.

Kabla ya yote, pima sampuli: risasi, kadimiamu, zinki, mafuta. Tope la mjini si mbolea, msiwape watu wa bustani. Lile la karibu na mikoko likipata hewa linaweza kuzalisha asidi ya salfa. Hilo huchanganywa na chokaa au huachwa chini ya maji.

Ndani ya kalvati mtu asiingie bila kipima gesi na mwenzake wa nje mwenye kamba. Ile gesi ya harufu ya yai viza, ikizidi, pua inaacha kuinusa. Harufu kupotea si dalili ya usalama.

mkondo_mdogo:
Asanteni. Vimo tunavyo, kutoka wastani wa usawa wa bahari. Mdomo: −0.40. Kalvati la 1 (mita 300 kutoka mdomoni): −0.20. La 2 (mita 700): +0.45. La 3 (mita 1,100): +0.35. La pili ni mabomba mawili ya milimita 900, makalvati mengine ni ya boksi (ya mstatili), upana sawa na mfereji.

PimaLeveli:
Basi jibu lako ni kalvati la pili. Liko juu kuliko la tatu, maji yanatakiwa kupanda! Ukivuta mstari kutoka la kwanza hadi la tatu, mteremko ni kama 1 kwa 1,455, na la pili lingekaa +0.08. Limezidi sentimita 37.

Hata likiwa safi kabisa ni finyu. Mabomba yale, maji yakisimama nusu mita zaidi upande wa juu, yatapitisha kama mita za ujazo 2.4 kwa sekunde. Mfereji wenyewe ukiwa safi na kina cha maji mita 1.2 unapitisha 5.7 hivi. Hela ya kuchimba zaidi pelekeni kwenye kalvati la boksi hapo. Tope litolewe mpaka kwenye mstari huo, basi.

bamvua:
Naongeza la bahari, maana wengi hulisahau. Bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) likijaa mpaka +1.6, sakafu yote ya mfereji iko chini ya usawa wa bahari, na mteremko wa sakafu hausaidii kitu. Mlango wa bawaba mdomoni unazuia maji ya chumvi kuingia, lakini ukifungwa mvua inabaki ndani. Mvua ya milimita 50 kwenye hekta 40, asilimia 70 ikitiririka, ni mita za ujazo 14,000. Mfereji wenu, kwa mita moja ya nafasi, unabeba 7,200. Zinazobaki zinahitaji bwawa la muda au pampu.

Mlango huo ukaguliwe kila wiki wakati wa mvua. Kipande cha mti kikikwama kwenye bawaba, bahari inaingia usiku kucha. Na kazi ya mdomoni pangeni siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo.

tope_na_tipa:
Juu ya kalvati la tatu wekeni shimo la mchanga, urefu mita 15, kina cha ziada mita moja, lenye njia ya ekskaveta kufika. Hilo ndilo dimbwi pekee linalofaa kuwepo, kwa sababu mnajua liko wapi. Chujio la taka lilale kwa mshazari wa nyuzi 45 hadi 60, nafasi kati ya nondo sentimita 10. Likisimama wima linaziba mapema na halisafishiki kwa reki.