Naomba ushauri: niuze mashua na ngalawa za zamani kabla ya kuhamia Dodoma?

Wakuu, salaam. Nahama Pangani kwenda Dodoma baada ya miezi 3, na nina vyombo vinne: mashua moja ya mbao ya mvule, dau dogo, na ngalawa mbili za mti wa mwembe.

Mashua ndiyo inayoniumiza kichwa. Mkuku (mbao ndefu ya uti wa chini) na fashini (mbao zinazosimama juu ya mkuku mbele na nyuma) ni vizima, nikichoma kisu hakizami mbaoni. Ila mataruma manne (mbavu za ndani za chombo) karibu na mlingoti yameoza kwa sababu maji ya mvua yalituama ndani, na misumari ya chuma imekula mbao kuizunguka. Nikiiacha nchi kavu, mbao zitasinyaa na kalafati ya pamba inayoziba nafasi kati ya mbao itachomoka. Nikiiacha majini bila mtu wa kuipandisha, kuichoma chini kwa moto kuua wadudu na kuipaka deheni (mafuta mazito ya kukinga mbao) mara kwa mara, wadudu wa baharini wataitoboa chini. Kwa hiyo kumwachia jirani "aangalie tu" naona ni kuiua polepole.

Ngalawa moja ina ufa kwenye gogo, lakini ndubi zake (mbao za pembeni za kuizuia isipinduke) ni nzuri.

Maswali yangu: nibadilishe mataruma kwanza, au niuze kama ilivyo na kupunguza bei? Foromali (mti unaobeba tanga), tanga na injini ya farasi 15 niviuze pamoja na chombo au mbalimbali? Na kwa mliowahi kuuza, usajili na leseni mlihamishaje jina kabla ya kukabidhi? Nisingependa vyombo hivi vichanwe kuni, hasa dau. Mafundi wa kuliunda wamebaki wachache.