Mama anasema "weka kiasi". Kiasi gani? Nimekwama na daftari la mapishi

BintiUjiji

Habari za jioni wanajamvi. Naomba mawazo yenu, hasa mliolelewa Kigoma.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini. Mama yangu yupo Ujiji, ana miaka 74, macho yanamsumbua lakini mkono bado upo. Mwezi wa pili nilinunua kaunta buku la kwaya mbili nikaanza kuandika mapishi yake, wajukuu waje walikute. Nimefika ukurasa wa 11, nimegota.

Kwanza ni vipimo. Mama hana kipimo. Chumvi ni "kiasi", mawese ni "utaona yenyewe yanatosha", moto ni "wa kawaida". Nikimbana sana ananitajia kibaba, na hicho kibaba chake ni kopo la maziwa ya unga ambalo kaka alishalitoboa chini akapandia maua.

Ukurasa wa dagaa nilimpigia picha mdogo wangu aliyeolewa Dodoma. Nilikuwa nimeandika: dagaa vikombe viwili, mawese, kitunguu, ndimu. Akaenda sokoni, akakuta dagaa wa Mwanza, akanunua hao hao. Jamani, hawa na wale ni samaki wawili tofauti, hata ukoo si mmoja! Wa kwetu ni ndugu wa sadini. Akawapika kama ukurasa unavyosema, akaosha mara moja kama tunavyoosha wa kwetu. Mchanga mdomoni, uchungu juu yake, shemeji akala wali mtupu. Kosa ni langu. Sikuandika "dagaa wa Kigoma", maana ukiwa Kigoma nani anaandika hivyo?

La pili ni mama mwenyewe. Juzi baada ya alasiri alinikuta na daftari, akaniuliza, "Mnaniandikia mirathi nami ningali natafuna?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Siku ya tatu leo anapika kaegesha mlango wa jikoni.

La tatu, tupo watoto watano na daftari ni moja. Wifi mkubwa ameshatangaza likae kwake kwa sababu ndiye anayeishi na mama. Ni kweli anaishi naye. Lakini nyanya anazotia huyu mtu kwenye dagaa, Mungu anisamehe.

Mpwa_wa_Kibirizi

Dada unajitesa. Chukua simu, rekodi video, mchezo umekwisha.

BintiUjiji

Nilikuwa nazo video sita. Simu ilizama hapo hapo kwenu Kibirizi nikishuka kwenye boti. Halafu video inakuonesha mkono umeingia kwenye kopo la chumvi ukatoka. Umetoka na kiasi gani? Tumerudi kule kule.

MamaLisheMstaafu

Binti, hujambo. Nimepika karibu na stesheni ya Kigoma miaka mingi na nimefundisha wasichana ambao wengine leo wana vibanda vyao, kwa hiyo nisikilize.

Usimuulize mpishi ametia kiasi gani, hajui. Pima kabla. Jaza chumvi kikombe kimoja, sawazisha kwa kisu, mwekee jikoni, mwache achote anavyochota. Akimaliza, pima iliyobaki. Iliyopungua ndiyo "kiasi" yake. Fanya hivyo siku tatu tofauti, utashangaa mkono wake haukosei.

Mawese pima yakiwa yameyeyuka. Mwezi wa sita na wa saba yanaganda, na kijiko cha yaliyoganda kinabeba kilima juu yake, si sawa na kijiko cha Oktoba. Na usiandike dakika peke yake. Mkaa wa mti mgumu na kuni mbichi haviivishi kwa muda mmoja. Andika anachokiangalia: mawese yameacha harufu ya ubichi na wekundu umeanza kufifia, ndipo kitunguu kinaingia. Ukiona moshi umechelewa.

Sasa hili ndilo lililonifanya nijibu. Umeshaandika ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu? Kama umeandika "unga wa muhogo" tu, rudi ukurasa huo leo. Wewe unajua muhogo mchungu unalowekwa siku tatu nne mpaka ulainike, ndipo unaanikwa na kutwangwa. Mjukuu atakayezaliwa mjini hajui. Ataumenya, ataukausha, atausaga, na ule muhogo una sumu. Sombe vivyo hivyo: majani yatwangwe kweli kweli, yachemke muda mrefu, sufuria wazi, mvuke utoke. Mama yako hawezi kukutajia hayo kwa sababu kwake ni kama kukwambia uvue viatu kabla ya kulala.

Kuhusu kununa, mbona rahisi. Acha kumfuata jikoni kwake na kalamu kama karani wa sensa. Pika wewe, kwako, ukosee, umpelekee. Hakuna mama atakayeonja dagaa wabaya akanyamaza.

KaraniWaTabora

Nimefanya kazi masjala hadi nilipostaafu, kwa hiyo mimi nazungumzia karatasi. Mapishi siyajui, mke wangu ananifukuza hata kwenye kumenya viazi vya matobolwa.

Andika kwa penseli nyeusi. Watu wanaidharau, lakini haichuruziki ikimwagikiwa maji, na mafuta hayaiyeyushi kama yanavyofanya kwa wino wa peni. Ukurasa ukichanika usibandike selotepu, baada ya miaka inageuka njano na gundi yake inakula karatasi. Usitumie pini wala stepla, zinashika kutu. Daftari lisikae jikoni hata siku moja. Kinachoingia jikoni ni nakala, na hiyo ikipata mawese haidhuru kitu.

Suala la nani akae nalo, kila mtoto anakili lake kwa mkono wake, wavulana pia. Anayenakili hulazimika kuuliza.

Mpwa_wa_Kibirizi

Mzee shikamoo. Hapo kwenye wavulana umetuonea.

KaraniWaTabora

Marahaba. Nunua penseli.

BintiUjiji

Wapendwa, mrejesho, wiki tatu baadaye.

Mama Lishe, shikamoo na Mungu akuweke. Nilipika dagaa kwangu, ndimu nikaitia mapema makusudi, nikawafunika wakalainika kama uji. Nikampelekea Ujiji kwenye hotpoti. Alionja kijiko kimoja, akaniangalia muda, akasema, "Hivi kweli ulitoka tumboni kwangu?" Akainuka. Mlango wa jikoni ukafunguka.

Nilikuwa nimeshamwekea kikombe changu cha chumvi. Dagaa wakavu vikombe vinne, chumvi iliyopungua ni kijiko cha chai kimoja na nusu. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu ikazidi kidogo, akasema mwenyewe kabla sijapima kuwa mkono umeteleza.

Ukurasa wa dagaa nimeuandika upya: dagaa wa Kigoma, walioanikwa, wasionuka. Pembeni nimeongeza, ukikosa hao, hawa wa Ziwa Victoria waoshe maji matano na uwatoe vichwa. Mwaka 2024 ziwa letu la Tanganyika lilipofungwa lisivuliwe Mei 15 hadi Agosti 15, hata sisi wa Kigoma dagaa walitusumbua, kwa hiyo hiyo pembeni si ya watu wa Dodoma tu. Muhogo mchungu una ukurasa wake peke yake, nimeupigia mstari mara mbili.

Lakini kubwa ni hili. Nilimsahau mama yangu kuwa anajua kuandika. Alisoma ngumbaru miaka ya sabini, tangu hapo naona anaandika jina lake tu kwenye daftari la vikoba. Nikampa penseli, nikamwambia mimi nina haraka, nina nguo ya harusi ya kumalizia, aendelee yeye na migebuka, wale samaki wa ziwani kwetu. Nimerudi jioni nimekuta ukurasa mzima. Herufi kubwa kubwa, mistari inapanda mlima, "chumvi" ameiandika "chunvi" na amenikataza kuifuta.

Chini kabisa, baada ya migebuka kuiva, ameandika: NYANYA MOJA. SI TATU. MKE WA KAKA YAKO ASOME HAPA.

Wifi amekuwa wa kwanza kununua kaunta buku lake anakili. Yupo ukurasa wa nne, huo wa migebuka bado hajaufikia.