Kawaita lainimani walioachwa na drafti VITI VYA PLASTIKI, halafu akanywa maji!!

Kisiki_Namba71 (mleta uzi)

Wakuu, naandika huku vidole vinagongana. Mnamjua ninayemsema, simtaji. Ni yule mchambuzi wa futiboli ya Marekani, kipindi cha jana usiku, ile sehemu ya maswali.

Kaulizwa swali la kistaarabu kabisa: lainimani, yule jitu wa mstari wa mbele, ambaye drafti ya NFL (pale timu za ligi zinapochagua vijana wapya) imepita raundi zote 7 bila kuitwa jina, ana nafasi gani ya kubaki kwenye timu? Watu tumetega masikio. Jamaa akacheka. Akasema: "Hao ni viti vya plastiki vya harusini. Wanapangwa, wanakaliwa, shughuli ikiisha wanarudishwa stoo." Halafu AKANYWA MAJI.

Viti. Vya. Plastiki.

Mtu ana kilo 140, kiti cha plastiki kikimwona tu mguu unapasuka wenyewe! Mtu anasukumana na mijitu ya saizi yake juani tangu mwisho wa Julai, Agosti nzima, bila kukimbia na mpira hata mara moja, akikosea hatua moja kwotabeki, yule mrusha mpira anayemlinda, anazikwa, akipatia hakuna anayejua jina lake. Wewe unakaa kwenye kiyoyozi unamwita kiti. Na maji juu.

Angesema nafasi ni finyu ningenyamaza. Angesema asilimia, angesema chochote. KITI. Nimerudia ile klipu mara kumi na nne. Kila nikifika pale anapoinua chupa, presha inapanda upya. Hata hakuwa na kiu yule, lile lilikuwa funda la dharau.

Sina zaidi. Endeleeni.

---

Bisi_Motomoto

Nimeshavuta kigoda. Mleta uzi punguza povu, litazima simu.

---

Hesabu_Kwanza

Mkuu pole, ila tuhesabu. Timu inaingia kambini na watu 90, inabaki na 53. Hao 37 wanaotoka, zidisha timu 32, ni watu 1,184 wanaambiwa wakabidhi kitabu cha mbinu za timu karibu siku moja, mwisho wa Agosti. Tangu 2023 hakuna tena kupunguza kwa awamu, panga ni moja tu.

Sasa njoo kwenye laini. Kwa nini wanasajiliwa wengi hivyo? Kocha anataka laini tatu kamili za mazoezi, na laini moja ni watu 5: senta mmoja katikati, gadi wawili ubavuni mwake, teko wawili pembeni kabisa. Tatu mara tano ni 15. Bila hao 15 kikosi cha tatu hakiwezi hata kufanya mazoezi, kwotabeki wa tatu atasimama peke yake kama mlingoti. Wanaobaki kwenye wale 53 huwa 8, 9, mara chache 10. Katika 9, saba wanajulikana tangu Machi, wana mikataba yao na nyumba wameshapanga.

Zinabaki nafasi mbili, na wanaozigombea ni watu 8. Kwa hiyo jamaa yako kakosea adabu, hesabu hajakosea.

---

Kisiki_Namba71

Unamtetea??? Mtu kanywa maji hewani!

Jim Langer aliachwa na drafti 1970, Cleveland wakamtimua, Miami wakamwokota. Larry Little aliachwa 1967. Wote wawili walikuwa kwenye laini ya Miami ya 1972, ile iliyomaliza msimu bila kufungwa hata mechi moja. Wote wawili wako kwenye Jumba la Mashujaa kule Canton. Haya, rudisheni stoo hivyo VITI.

---

Mzee_wa_Yadi_Kumi

1972! Mkuu umeenda kutuletea ushahidi wa enzi za TANU 😂😂 Drafti yenyewe ilikuwa raundi 17.

Mfano wa karibu upo, hukuwa na haja ya kwenda makumbusho. David Andrews, aliyekuwa senta wa New England, aliachwa 2015 na mwaka huohuo akaanza mechi. Jeff Saturday aliachwa 1998, Baltimore wakamfungulia mlango atoke, akawa anauza kwenye duka la vifaa vya umeme, 1999 Colts wakamchukua, kaishia na pete ya ubingwa na kuitwa Pro Bowl, kikosi cha nyota wa msimu, mara 6. Jason Peters aliachwa 2004 akiwa tait endi, yaani mpokea mpira anayesimama ubavuni mwa laini, Buffalo wakamgeuza teko, Pro Bowl 9.

Ila angalia wawili wa kwanza walicheza wapi. Senta! Hilo ndilo jamaa angepaswa kueleza badala ya kuleta samani.

---

Dada_wa_Houston

Kaka zangu mnarushiana majina tu. Kazi ya kubaki timuni inaanza dakika ileile drafti inapoisha, na wengi wanaiharibu hapo hapo.

Raundi ya 7 ikifungwa simu zinaita mfululizo, wakala ana muda mfupi sana wa kuchagua. Aliyeitwa raundi ya 7 hachagui timu, aliyeachwa anachagua. Wakala mjinga anatazama dola za kusaini. Wakala anayejua kazi anatazama vitu hivi: timu ina watu wangapi wa laini wenye mkataba tayari, wangapi kati ya akiba wana miaka zaidi ya 30, imeita wangapi wa nafasi hiyohiyo kwenye drafti ya mwaka huu, na mfumo wao wa kukimbiza mpira ni upi. Kijana mwepesi wa miguu ukimpeleka kwenye timu ya kusukumana kifua kwa kifua, umemuua. Mzito ukimpeleka timu ya kukimbia pembeni, naye umemuua.

Halafu pesa iliyodhaminiwa, ile anayolipwa hata akikatwa. Hapo ndipo timu inapojisaliti. Aliyepewa dola 5,000 za kusaini na aliyedhaminiwa laki mbili hawako foleni moja, hata kama wote wanaitwa "walioachwa". Wa pili akifanya ovyo wiki ya kwanza atapewa wiki ya pili. Wa kwanza akikunja msuli wa paja, kesho yake kuna mwingine kavaa jezi yake.

---

Senta_Mkorofi

Nyongeza kwa dada. Mtu wa akiba kwenye laini hahukumiwi kwa ubora wa nafasi moja, wanaangalia anaziba matundu mangapi. Siku ya mechi kuna kanuni: ukivalisha watu wa laini ya ushambuliaji wasiopungua 8, unaruhusiwa wachezaji 48. Ukivalisha 7 unabaki na 47. Kwa hiyo karibu kila timu inavalisha 8. Toa watano wanaoanza, wanabaki watatu. Mmoja lazima aweze kucheza teko pande zote mbili, mwingine aweze senta na gadi zote mbili. Aliyeachwa anayejua gadi ya kulia PEKE YAKE, huyo kweli ni kiti, samahani mleta uzi.

Na kubadili upande si mchezo. Teko wa kushoto anasimama mguu wa kushoto ukiwa nyuma, na ndio anaorudi nao anapomlinda kwotabeki. Ukimpeleka kulia, kila kitu kinageuka: mguu, nyonga, mkono unaotangulia kugonga. Ni kama kumwambia mtu ale ugali kwa mkono wa kushoto mbele ya wakwe. Wiki mbili za kwanza anarudi nyuma kupita kiasi kwa woga wa kupitwa nje, beki anamkata ndani, kwotabeki chini. Video inaonyesha, kocha anaandika, kwisha.

Senta, yule anayeanzisha mchezo kwa kumrudishia kwotabeki mpira, ndiyo njia ya mkato kwa sababu wengi hawaiwezi. Kwotabeki amesimama kama yadi 5 nyuma, mpira upite katikati ya miguu yako ufike usawa wa kifua chake, na wakati huohuo kuna mtu wa kilo 150 ameshakuingia kifuani. Mpira ukifika magotini, kwotabeki anaangalia chini, macho yameshatoka kwa mabeki, mchezo umekufa. Na Agosti jasho linachuruzika mpaka kiganjani, mpira unakuwa kama kambale. Mechi za maandalizi ni 3 tu kwa timu nyingi. Mipira miwili mibovu kwenye mechi moja inatosha kukurudisha kwenu.

---

Kiti_Cha_Harusi (mwanachama mpya, kajiunga leo)

Naomba heshima. Sisi viti tunabeba watu.

---

Kisiki_Namba71

Huyu ni nani?? Moderator!

---

Hesabu_Kwanza

😂😂😂 Uzi umepata mlengwa.

Turudi kidogo. Hata akikatwa hajafa. Mgeni, yaani mchezaji wa mwaka wa kwanza, akikatwa, timu nyingine 31 zina takriban saa 24 za kuomba kumchukua. Zikinyamaza, timu yake inaweza kumrudisha kwenye kikosi cha mazoezi, watu 16. Mwaka 2025 huko ilikuwa dola 13,000 kwa wiki, kwa wiki 18 ni 234,000. Kwenye wale 53 kima cha chini cha mgeni mwaka huo kilikuwa 840,000. Kutoka kikosi cha mazoezi anaweza kupandishwa kwa mechi mara 3, baada ya hapo wakimtaka tena lazima wamsajili kwenye 53. Na timu nyingine ikija kumnyakua, lazima imweke kwenye 53 yake na imlipe angalau wiki 3.

Lainimani wanaumia kila wiki. Ikifika Novemba, simu iliyonyamaza Agosti inaita.

---

Teko_Kushoto_Daima

Mimi lalamiko langu ni tofauti: jamani tukubaliane tahajia. Ni TEKO. Kuna mtu kwenye uzi wa wiki jana kaandika "tako la kushoto limeumia, halitacheza mwezi mzima" na watu wakaanza kumpa pole.

---

Bisi_Motomoto

Na akajibu "asanteni" 😭

---

Ngao_ya_Chuma

Mnaongea kama laini ni ya ushambuliaji tu. John Randle, laini ya ulinzi, aliachwa 1990 kwa sababu ni mfupi na kilo zake chache. Alimaliza na saki 137.5, yaani kumwangusha kwotabeki akiwa bado na mpira, na sanamu yake iko Canton. Ila ninyi mnalia na senta. Watu wa ulinzi hatutajwi mpaka tumwangushe mtu.

Na mchambuzi huyohuyo, mwezi jana aliwaita watu wa ulinzi "mabaunsa wasio na mlango". Hakuna aliyefungua uzi.

---

Kisiki_Namba71

Mabaunsa ni sifa! KITI ni tusi! Na pale hakunywa maji.

---

Mwas_wa_Eldy

Wakenya tuko hapa pia, mmetusahau kama kawaida. Daniel Adongo alitoka raga akaingia Colts 2013, hakuwa ameitwa kwenye drafti yoyote. Huyo hamjamtaja.

---

Senta_Mkorofi

Adongo alikuwa lainbeka, mlinzi anayesimama nyuma ya laini, ndugu. Uzi ni wa watu wa laini.

---

Mwas_wa_Eldy

Lain-beka. Lain iko hapo.

---

Mzee_wa_Yadi_Kumi

Kwa hoja hiyo hata laini ya simu inaruhusiwa.

---

Usiku_Mwema

Mkishamaliza viti, mzungumzie saa. Mechi ya Jumapili usiku ya kule inaanza saa tisa na dakika ishirini usiku wa huku, Jumatatu ya kazi. Novemba wakirudisha saa zao nyuma, inakuwa saa kumi na dakika ishirini alfajiri. Muadhini na kwotabeki wanaanza pamoja. Nani alipanga hivi?

---

Dada_wa_Houston

Huku Houston inaanza saa moja na dakika ishirini jioni, tunakula zetu mbavu 😌

---

Usiku_Mwema

Dada usituchokoze.

---

Kisiki_Namba71

Jamani uzi ni wa VITI VYA PLASTIKI. Narudia kwa waliochelewa: aliulizwa, akacheka, akasema viti, AKANYWA MAJI. Hakuna anayetaka kujadili yale maji?

---

Ngao_ya_Chuma

Yalikuwa ya baridi?

---

Teko_Kushoto_Daima

@Usiku_Mwema angalia mechi za mapema basi. Saa mbili usiku, kuanzia Novemba saa tatu. Binadamu wa kawaida anaweza.

---

Usiku_Mwema

Na bando? Yule naye sitamtaja, mnamjua, ila bando lake la usiku linaanza saa sita kamili. Mechi ya saa tatu inaisha saa ngapi?

---

Hesabu_Kwanza

Saa sita.

---

Bisi_Motomoto

😂😂😂😂

---

Mwas_wa_Eldy

Huyo wa bando mfungulieni uzi wake. Niko tayari kuchangia.

---

Kiti_Cha_Harusi

Mimi nitapanga viti.